Ukisema "Bai", Umesema Nini?

 

Kila tukimaliza kongamano, mabasi yakishawasha injini, wewe na mimi tunapungiana mikono: "Bai! Bai bai!" Hata bibi asiyejua Kiingereza analijua neno hilo. Je, umewahi kujiuliza umesema nini?

"Bai" ni mkia wa neno "goodbye". Wengi tunadhani maana yake ni kuachana vizuri, kwa kuwa "good" ni nzuri. Sivyo! Zamani Waingereza wakiagana walisema "God be with ye", yaani Mungu awe pamoja nanyi. Wakawa wanalitamka harakaharaka mpaka maneno yakashikana. Mwaka 1573 msomi mmoja, Gabriel Harvey, aliandika "godbwye" kwenye barua. Baadaye, kwa kuzoea salamu kama "good day", ile "God" nayo ikageuka kuwa "good".

Hebu ona, mpendwa. Jina la Mungu lilitoka ndani ya neno taratibu, na hakuna aliyeshtuka. Kumbe lilianza kama maombi!

Ndugu zetu wa Burundi na Kongo wanajua "adieu" ya Kifaransa. Nayo ndani yake ni "kwa Mungu". Na ukisoma Ruthu 2:4, Boazi anafika shambani anawatakia wavunaji Bwana awe nao, nao wanamjibu kwa baraka. Si madhabahuni pale, ni kazini, kwenye jua.

Sasa nikuambie langu. Miaka iliyopita nilibishana na ndugu yangu katika huduma juu ya hesabu za nauli. Tulipofika Namanga, kila mtu na upande wake, nikamwambia "bai" bila kumtazama usoni. Mdomo ulimwombea Mungu awe naye, moyo haukutaka hata mimi niwe naye. Miezi minane sikumpigia simu, na mahubiri nilikuwa nahubiri!

Siku moja natayarisha somo la vijana, nikakutana na asili ya neno hili. Kalamu ikanigomea. Nikampigia: "Ndugu, nilikuaga vibaya. Nisamehe." Akanyamaza, kisha akasema, "Mwinjilisti, hata mimi hiyo bai yako niliipokea vibaya." Tukaombeana mpaka salio likaisha, simu ikakatika kabla hatujaagana. Lakini siku hiyo ndiyo tuliagana kweli.

Mpendwa, sherehe hii ya kumbukumbu itakwisha na kila mmoja atavuka mpaka wake. Kuna mtu hapa mliyekosana? Usimpungie mkono kutoka dirishani. Shuka kwenye basi. Mathayo 5:23-24 inatutuma tupatane kwanza, sadaka baadaye. Ukishapatana naye, sema bai, sema kwaheri, sema kwa lugha ya kwenu. Ila umaanishe.

Mungu awe pamoja nawe, mpaka tuonane tena. Amina.