Kabla ya Kulipia Intaneti Kubwa, Ofisi Ipime Kwanza

(Mazungumzo kwa wakazi kuhusu huduma za mtandao katika ofisi za umma)



Wengi wenu mnaijua hali hii. Mama mwenye kibanda sokoni anafunga biashara saa tatu asubuhi kwenda kulipia kibali. Anapanga foleni, na akifika dirishani anaambiwa, "Mtandao uko polepole, mama. Subiri kidogo." Saa sita inapita angali ameketi kwenye benchi. Jioni anarudi nyumbani bila kibali na bila mauzo ya siku.

Siku hizi vibali, risiti na ada za kuegesha magari hupitia kwenye kompyuta. Mtandao ukikwama, huduma nayo imekwama. Jibu la haraka ni kulipia laini kubwa zaidi, na pengine ni jibu sahihi. Lakini mwenye tangi linalokauka kila mchana hukagua mabomba kwanza. Kama bomba linavuja, tangi kubwa nalo litakauka.

Je, mabomba ya mtandao hukaguliwa vipi?

Kwanza, fundi hutaka kujua kama tatizo liko ndani ya jengo au nje. Hutumia programu ndogo iitwayo ping, iliyoandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwaka wa 1983 na ingali inatumika hadi leo. Programu hiyo hutuma ujumbe mfupi na kupima muda wa jibu kurudi. Fundi huipima ruta ya ofisi, kisha huipima kompyuta iliyo mbali. Ruta ikichelewa kujibu, lawama haiko kwa kampuni ya intaneti. Huenda waya umechakaa, swichi ni mbovu, au Wi-Fi imezidiwa na watu. Ruta ikijibu upesi lakini majibu ya mbali yakachelewa, basi laini ya nje ndiyo inayohitaji kuchunguzwa.

Pili, fundi huhesabu mzigo unaopita. Ruta nyingi za ofisi huweka hesabu ya data inayoingia na kutoka. Programu ya ufuatiliaji husoma hesabu hiyo kila baada ya dakika chache na kuchora mstari. Baada ya wiki moja, mstari huo huonyesha saa ambazo laini hujaa. Hatua inayofuata ni kutazama ni kompyuta ipi inayobeba mzigo mkubwa, na unakwenda wapi. Zipo programu za bure za kazi hii, kama vile ntopng. Nyingine, Wireshark, huchunguza pakiti moja moja za data pale ambapo jibu bado halijapatikana.

Chukua mfano wa ofisi yenye laini ya megabiti 20 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, kwa hivyo laini hiyo hupitisha megabaiti 2.5 kwa sekunde. Tuseme kompyuta 10 zinawashwa asubuhi, na kila moja inaanza kupakua sasisho la megabaiti 500. Jumla ni megabaiti 5,000. Hata laini isipofanya kazi nyingine yoyote, mzigo huo utachukua zaidi ya dakika 33. Wakati huohuo karani anajaribu kutoa risiti, na mama yuko kwenye benchi.

Mzigo unaotoka nao pia husumbua. Kamera za usalama zinazotuma picha nje saa zote, au nakala za faili zinazohifadhiwa mtandaoni mchana, zinaweza kuijaza njia ya kutokea. Njia hiyo ikijaa, hata maombi madogo ya karani hupanga foleni, na ukurasa haufunguki ingawa njia ya kuingilia ina nafasi.

Tiba ya mambo haya haihitaji laini mpya. Masasisho na nakala hupangiwa usiku. Mfumo wa malipo hupewa kipaumbele kwenye ruta. Wi-Fi ya wageni hutengwa na kuwekewa kikomo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huu hujengwa kwa pesa za mlipa ushuru kila mwezi.

Vipimo vinaweza pia kuonyesha kwamba laini imejaa kwa kazi halali kutwa nzima. Hapo ofisi ina sababu ya kuomba laini kubwa. Na vikionyesha kwamba kasi inayofika ni ndogo kuliko ile iliyo kwenye mkataba, ofisi inaikabili kampuni ikiwa na rekodi mkononi. Wakati mwingine chanzo kiko mbali sana. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Kenya na nchi jirani. Siku kama hizo hakuna fundi wa ofisini awezaye kuponya tatizo, lakini vipimo humwezesha kuwaambia wananchi ukweli badala ya "njoo kesho".

Kuna jambo la kuangaliwa. Kuhesabu mzigo ni kama kuhesabu malori barabarani. Si kufungua mifuko ya abiria. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka masharti kuhusu taarifa za watu. Wafanyakazi waelezwe kinachopimwa na sababu yake, rekodi zisomwe na wahusika pekee, na zifutwe zisipohitajika tena.

Nanyi wakazi mna nafasi yenu. Ukikwama dirishani, andika siku, saa na huduma uliyokuwa ukiitafuta, kisha umpe msimamizi wa ofisi. Maelezo hayo yakilinganishwa na mstari wa fundi, chanzo hupatikana upesi. Na katika vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti, mkiona pesa zimetengewa intaneti kubwa zaidi, ulizeni: vipimo viko wapi? Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka fedha za umma zitumiwe kwa busara na uwajibikaji, na cha 35 kinawapa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Mama yule wa sokoni haulizi laini ina megabiti ngapi. Anataka kibali chake kabla ya saa sita, arudi akafungue kibanda. Hicho ndicho kipimo cha mwisho.