Maji ya Kisima ni Amana



Sisi wa Kurui tumekabidhiwa visima vyetu tuvilinde. Kituo cha mafuta huzika matangi yake ardhini. Tangi likiliwa na kutu, mafuta huvuja kimya kimya, yakapenya mchangani hata kuyafikia maji. Mwezi Mei 2015 wenzetu wa Thange, Makueni, nchini Kenya, waliona mafuta ya bomba lililopasuka yakichafua mto na visima vyao.

Tusingoje harufu. Petroli ina kemikali iitwayo benzini, isababishayo saratani ya damu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, kiasi ambacho pua haikitambui. Kwa hiyo kando ya matangi vichimbwe visima vidogo vya uchunguzi, kimoja upande maji ya ardhini yatokako na vingine yaendako, nayo maji yapimwe maabara kila mara.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 humpa kila mkazi wa Tanzania haki ya mazingira safi na salama. Basi tudai matokeo yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Kudai hivyo si ugomvi. Ni kumtetea mtoto anywaye asichokiona.