Ulindi na Kibao Chake



Nataka kuzungumza nanyi juu ya vipande viwili vya mti ambavyo msafiri aweza kuvichukua bila kuhisi uzito wake, yaani ulindi na kibao cha kupekechea moto. Bwana John Walker, mwuza dawa wa Uingereza, alianza kuuza viberiti vya kusugua mwaka 1827, na tangu vilipoenea katika nchi yetu vijana wengi wameuhesabu ulindi kuwa jambo la kizamani. Lakini kiberiti kilicholowa mvua ya masika hakina kazi, na mchungaji aliye mbali na boma usiku wa baridi, penye simba, hana duka la kukimbilia.

Ulindi ni kijiti kigumu kilichonyoka. Wamasai hukiita olpiron. Kibao ni cha mti mwepesi zaidi, mkavu kabisa. Hutobolewa kitundu karibu na ukingo, kisha hukatwa pengo ubavuni, ili unga uanguke juu ya bapa la kisu lililowekwa chini. Mtu hukikanyaga kibao na kuuzungusha ulindi baina ya viganja, mikono ikishuka na kurudishwa juu upesi. Wawili wakipokezana, kazi huwa nyepesi. Unga ukiwa mweusi, na moshi ukaendelea kutoka katika unga wenyewe baada ya ulindi kuinuliwa, kaa limepatikana. Hapo ndipo wenye haraka huharibu kazi yao. Kaa hilo hutiwa ndani ya nyasi zilizofikichwa, au nyuzi za gome la mtarakwa, na kupulizwa polepole.

Hata hivyo, naona ustadi mkubwa si wa viganja bali wa kuvichukua vyombo hivi. Ulindi ulionyonya unyevu hutoa jasho la mwenyewe tu. Kwa hiyo wawindaji huutia podoni pamoja na mishale, chini ya kifuniko cha ngozi. Nyasi za kuwashia nazo hutoka nyumbani, maana mvua ikishanyesha hazipatikani njiani. Wala kitundu cha zamani kilichoungua kisidharauliwe. Hushika moto upesi kuliko kipya.

Miongoni mwa Wamasai ulindi una heshima kubwa kuliko hiyo. Wazee wa rika lililotangulia kwa hatua mbili ndio huwapekechea moto vijana wa rika jipya, na kuwa walezi wao, nao huitwa kwa jina la kijiti hicho.

Wahadzabe, karibu na Ziwa Eyasi katika Tanzania, hupekecha moto ili kuwafukiza nyuki. Nasi tuna warina asali wengi, na moto wao ukiachwa waweza kula msitu mzima. Mrina asali asiondoke chini ya mti kabla ya kuufukia mwenge kwa udongo na kuyagusa majivu kwa mkono. Yakiwa bado na joto, ayamwagie maji tena.