UGONJWA USIOONEKANA KWA MACHO: KIFAFA NA KAZI

Mafundisho ya munganga mbele ya makapita na wafanyakazi



Mtu akikatika mguu, kila mtu anamwona. Hakuna kapita atakayemwambia: «Panda juu ya nyumba, upige misumari.» Lakini kuna watu wenye mguu mzima, mkono mzima, macho mazima, na bado wanabeba mzigo mzito kila siku. Mmoja ana ugonjwa wa sukari. Mwingine alizaliwa na ugonjwa wa damu unaoitwa SS, na mifupa inamwuma sana. Mwingine masikio yake yamepungua nguvu, na sisi tunasema ana kiburi. Leo nataka tuongee juu ya mmoja wao tu: mtu mwenye kifafa, yaani ugonjwa wa kuanguka.

Nitawaeleza habari moja. Jina la mtu sitalitaja, wala mahali.

Kijana mmoja alikuwa fundi wa mbao. Alikuja kwetu na mke wake, usiku, ili watu wasimwone. Alikuwa akianguka mara mbili au tatu kwa mwezi. Tulimpima, tukampa vinini vya kumeza kila jioni. Akaacha kuanguka. Miezi minne ikapita, mke wake akafurahi sana.

Lakini dawa ile, hasa mwanzoni, inaleta usingizi. Asubuhi kijana alikuwa mzito kidogo. Kapita wake akamwona anapiga miayo, akamwambia mbele ya wengine: «Wewe uko mvivu. Nikikukuta tena unasinzia, utaenda kwenu.» Kijana hakujibu neno. Alirudi nyumbani, akafikiri: nikimeza vinini, nitafukuzwa kwa uvivu, nikisema nina kifafa, nitafukuzwa kwa kifafa. Akaacha vinini, hakumwambia hata mke wake. Siku ya nne alianguka karibu na mashini ya kupasua mbao. Vidole viwili vilikatika.

Kapita yule ndiye aliyemleta hospitalini, nguo zake zimejaa damu. Alikaa kwenye benchi, akaniuliza: «Munganga, juu ya nini hakuniambia?» Nikamjibu: «Baba, kama angekuambia, ungemfanya nini?» Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: «Ningemufukuza.»

Nilimheshimu mzee huyu, sababu alisema kweli. Na mimi vilevile nilikuwa na kosa langu. Nilimpa kijana vinini, sikumwuliza hata siku moja: «Unafanya kazi gani?» Kama ningeuliza, ningejua habari ya mashini ile.

Wazee walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Ni neno la kweli. Lakini tusilitumie kumlaumu mgonjwa tu. Mtu anaficha ugonjwa kwa sababu anaogopa. Sisi tunaomwogopesha tuna sehemu yetu.

KIFAFA NI NINI?

Ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo wetu unatuma habari katika mwili sawasawa na umeme katika waya. Kwa mtu wa kifafa, umeme huo unachafuka kwa muda mfupi, mtu anaanguka na kutikisika. Kisha unatulia, naye anaamka.

Sababu ni nyingi: mtoto kuzaliwa kwa shida na kukosa hewa, malaria iliyopanda kichwani, ugonjwa wa meninjiti, kupigwa kichwa katika aksida, au mayai ya mnyoo wa nguruwe kuingia katika chakula na maji machafu, na watoto wa mnyoo kukaa katika ubongo. Karibu na mito ya mbio, mahali pa inzi wadogo wanaoleta upofu, tunaona kifafa kwa watoto wengi. Mara nyingine sababu haijulikani.

Kifafa si pepo, si laana. Tena hakiambukizi hata kidogo. Povu lile ni mate tu. Katika vijiji vingine watu wanakimbia wakiona povu, wanamwacha mgonjwa katika moto, anaungua. Hakuungua kwa kifafa, aliungua kwa woga wetu.

Tena si kila kifafa ni cha kuanguka. Kuna mtu anayesimama kimya kwa muda mfupi, macho yanatazama mbali, ukimwita hajibu, kisha anaendelea na kazi. Kapita anafikiri anamdharau. Kumbe wakati ule hakusikia kitu.

Shirika la Afya Ulimwenguni linasema watu karibu milioni 50 duniani wana kifafa. Linasema vilevile kwamba hata 70 kwa 100 wangeweza kuishi bila kuanguka, kama wangepata dawa inayowafaa na kuimeza vizuri. Fenobarbitali inatumika kwa kifafa tangu mwaka wa 1912, na bei yake si kubwa.

MTU AKIANGUKA KAZINI

1. Zima mashini. Ondoa moto, visu na vyuma karibu naye.
2. Weka nguo iliyokunjwa chini ya kichwa chake. Legeza kola na mshipi.
3. Usimshike kwa nguvu. Usitie kijiko, kijiti wala kidole kinywani mwake. Meno yatavunjika, au atakuuma.
4. Kutikisika kukiisha, mlaze kwa ubavu ili mate yatoke.
5. Usimpe maji wala dawa mpaka ameamka kabisa.
6. Tazama saa. Ikipita dakika 5, au akianguka tena kabla ya kuamka, au ni mama mwenye mimba, au ameumia, mpeleke hospitalini upesi.
7. Fukuza watu wanaotazama. Akiamka atakuwa na haya na usingizi. Kaa naye, umwambie pole.

KWENU MAKAPITA

Msiulize: «Tumfukuze au tumwache?» Ulizeni: «Kazi gani inamfaa?» Mtu ambaye bado anaanguka asipande ngazi ndefu, asiendeshe motokari wala piki-piki, asikae peke yake karibu na moto, maji mengi au mashini ya kukata. Lakini anaweza kupima, kuunganisha, kushona, kuandika, kulima, kufundisha, kutunza stoki. Msimpe zamu ya usiku, sababu kukosa usingizi kunaamsha kifafa. Mpeni ruhusa siku ya kuchukua dawa, msimkate mshahara. Na siri aliyokupa wewe, usiipeleke sokoni.

Sheria pia iko pamoja naye. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inasema watu wenye ulemavu wana haki ya kulindwa, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 imeandikwa kwa kulinda haki zao.

KWAKO MWENYE KIFAFA

Meza vinini kila siku, hata kama miezi imepita bila kuanguka. Usiache kwa ghafula: kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko mbele. Dawa ikikuletea usingizi, njoo utuambie. Mara nyingi usingizi unapungua baada ya majuma kadhaa. Usipopungua, tutatazama kipimo cha dawa. Lala vya kutosha. Acha pombe, na kanyanga zaidi. Mama akitaka kuzaa, aje mapema tuzungumze juu ya dawa, lakini asiache vinini mwenyewe. Tena tafuta mtu mmoja kazini unayemwamini, umweleze namna ya kukusaidia. Mmoja anatosha kwa kuanza.

Mtauliza: kijana yule yuko wapi? Alirudi kwa kapita yuleyule. Hagusi tena mashini. Anapima mbao, anaunganisha viti, anafundisha vijana wapya. Asubuhi anaanza kazi saa moja na nusu, wengine saa moja. Jioni anabaki nusu saa nyuma yao. Basi, ni nusu saa tu. Kama mtu angemwuliza mapema, nusu saa ile ingeokoa vidole viwili.

Kwa hiyo, mkirudi kazini kesho, mkimwona mtu anasinzia, au anatazama mbali, au hajibu akiitwa, msianze na matusi. Mwite pembeni, umwulize: «Ndugu, uko na shida gani?» Halafu ngoja jibu.

Mwenye swali aulize sasa. Na mwenye swali la siri, mlango wetu uko wazi.