Maziwa ya Mama Mwingine



Binti Farao alikuwa na mali nyingi, lakini alipomtoa Musa mtoni hakuwa na maziwa ya kumpa. Ilibidi atafutwe mama wa kumnyonyesha.

Hata leo wako watoto wa namna hiyo. Wamezaliwa kabla ya miezi kutimia, na mama ni mgonjwa mahututi au amefariki. Kwa ajili yao, mwaka wa 2019 hospitali ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya kwanza ya maziwa ya mama katika Kenya.

Mama hutoa yale yanayobaki mwanawe akisha kushiba, wala halipwi. Kwanza damu yake hupimwa virusi vya Ukimwi, kaswende na homa ya ini. Kisha maziwa hupashwa moto wa nyuzi 62.5 kwa dakika 30, hupozwa na kugandishwa.

Kwa nini kazi yote hiyo? Kwa sababu virusi vya Ukimwi hupita katika maziwa. Jirani akimnyonyesha yatima kwa huruma tu, bila kupimwa, aweza kumpa chakula na ugonjwa pamoja. Upendo wa Kikristo una macho. Basi tusione kupimwa kuwa ni kutukanwa. Na sisi akina baba tusimzuie mama mwenye kukamua kwa ajili ya mtoto asiyemjua.

Tuombe: Bwana Yesu, uliyenyonyeshwa na Mariamu, wahifadhi watoto wasio na maziwa, utupe mioyo mikunjufu na mikono safi. Amina.