Brosi ya janti isiguse rangi

Maneno ya kikundi cha waoshaji magari na moto mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka

Tuliombwa kueleza mambo mawili. La kwanza, zile dola 180 za sanduku la kukopeshana zilienda wapi. La pili, kwa nini tunaomba tena feza za brosi, wakati watu wengi hapa wanasema brosi ni brosi tu.

Tuanze na deni, juu ndilo linalouma. Ilikuja jipu kutoka njia ya Uvira, imefunikwa na matope makavu mpaka kwenye madirisha. Shofere alikuwa na haraka. Tulimwaga maji kidogo tu, tukaanza kazi. Mmoja wetu alikuwa amemaliza kusugua janti na brosi ngumu, ile ya kuoshea sakafu, na bila kubadilisha akapanda nayo kwenye mlango. Gari likiwa na maji hukuona kitu. Lilipokauka kwenye jua, mlango ulikuwa na mistari kama kuku amechakura. Shofere alipiga picha. Wenye gari walidai, na haki ilikuwa yao. Tulikopa sandukuni, tukalipa garaji ya kusafisha ile rangi. Hatumtaji huyo kijana, kwa sababu siku ile kila mmoja wetu angeweza kufanya vile vile. Hakuna aliyekuwa ametufundisha.

Sasa tumejifunza, na tunataka mujue, ili feza zenu zisipotee mara ya pili.

Jambo kubwa ni hili: mara nyingi si brosi yenyewe inayokwaruza, ni mchanga. Janti inakamata mchanga wa njia na lile vumbi jeusi la freni, ambalo ndani yake kuko vipande vidogo vidogo vya chuma. Vyote vinaingia katikati ya nywele za brosi na kubaki mule. Ukiipeleka kwenye rangi, unasugua gari la mtu na msasa. Kwa hiyo hata brosi laini sana, ikishagusa janti, haipandi tena juu. Tumefunga kitambaa chekundu kwenye mpini wa brosi za chini. Nyekundu inabaki chini, na iko na ndoo yake.

Na kwa rangi yenyewe? Hapo wengi watashangaa: hatutumii brosi. Tunamwaga maji mingi kwanza, tunangoja matope yalainike na kuanguka yenyewe, ndipo tunaingia na glavu ya manyoya au kitambaa cha mikrofibri, tukianzia juu ya paa na kushuka. Ndoo ni mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuza glavu kila mara. Ni kazi ndefu. Wateja wengine wanaguna. Tunawaacha wagune.

Brosi tunazozihitaji ni hizi. Ya mupira wa gari, nywele za nailoni ngumu, fupi, mupira hauogopi. Ya janti, nywele za kati, na lazima fundo la kichwani liwe limefunikwa na plastiki au kauchu. Zile ndefu zenye waya katikati, waya ukitokeza kwenye ncha unachora janti ya aluminiamu, na janti moja ni ghali kuliko mwezi wetu mzima. Tena tunangoja janti ipoe kabla ya kuiosha.

Kisha kuna brosi ndogo, kama ile ya mpaka rangi, ya kuingia kwenye matundu ya hewa ya tablo, kuzunguka vifungo, kwenye herufi za nyuma ya gari. Hapa wapya wote wanaanguka. Wanachagua nywele laini vizuri, wanasahau kile kipete cha chuma kinachoshika nywele. Nywele zinapapasa, kipete kinakwaruza. Tafuta chenye kipete cha plastiki. Ukikosa, funga chuma na skochi mara mbili tatu. Tunayo moja ya namna hiyo tangu mwanzo, na haijaharibu kitu.

Viti vya ngozi vinataka nywele za farasi au nyingine laini, zenye maji kidogo tu. Viti vya kitambaa vinavumilia nailoni ya kati. Lakini nywele za mnyama musizichovye katika dawa kali ya kuondoa mafuta. Zinalegea na kukatika. Huko tumieni nailoni.

Moto ndiyo mkate wetu wa kila siku, kwa hiyo tusiisahau. Mnyororo una brosi yake peke yake, hata mswaki wa zamani unatosha. Ikishaingia girisi, hairudi kwingine, hata uioshe namna gani. Tangi la moto ni rangi, kama mlango wa jipu.

Wakati wa kununua sokoni, musiangalie mpini unaong'aa. Bonyeza nywele kwenye ngozi ya nyuma ya mkono. Zikikuchoma, si za kitu laini. Zivute: zikitoka tatu nne mkononi, rudisha. Angalia ncha: zile zilizopasuliwa mwishoni ni laini zaidi na zinashika maji. Sisi tunabeba CD ya zamani. Tunasugua brosi upande wake unaong'aa, na ikiacha mistari, tunajua kazi yake ni mupira na mnyororo tu. Muuzaji mmoja alitukasirikia kwa jambo hilo, kisha akaomba tumwachie ile CD.

Nyinyi wafadhili, tuseme kwa heshima. Lile karatasi la brosi mulilotuma lilifika salama, na tulifurahi kweli. Lakini nyingi ndani yake zilikuwa za waya, za kukwangua kutu. Tumewapa vijana wanaochomelea chuma, nao wanazitumia vizuri. Kwenye gari la mteja hazingefaa hata siku moja. Siku ingine mutuulize kwanza, au mutume bei yake, tuchague wenyewe kwa mkono.

(Wale tuliotoka Nyarugusu bado tunasema brashi, wenzetu waliobaki huku wanasema brosi. Shofere wa jipu hakuuliza ni ipi.)

Sasa hesabu. Katika zile 180 tumerudisha 60, dola 30 kila mwezi. Zimebaki 120, yaani miezi minne. Kwa ajili yetu wamama wawili wa ndakala wanangoja mkopo wao, na tunajua samaki hawangoji. Brosi na glavu tunazohitaji ni za dola 45. Bila hizo tunaosha moto tu, juu jipu tumekataa kuzigusa na vifaa tulivyo navyo, na kwa moto peke yake hatuna hakika kama tutafikisha 30 kwa mwezi. Tukikopeshwa 45 leo, wamama wanaongezewa siku za kungoja. Wamama wakipewa kwanza, sisi tunalipa polepole.

Sisi wenyewe hatukupatana. Wawili wanasema wamama watangulie, mmoja anasema brosi zitangulie ili deni liishe haraka. Mkutano ukate. Brosi tunazosema ziko juu ya meza pale, pamoja na ile iliyoharibu mlango. Mukuje muziguse kabla ya kupiga kura.