Kusimuliana Maisha Mjini Kolwezi
Wasikilizaji wa Kolwezi na Lualaba yote wanaalikwa kusimuliana maisha yao. Migodi ya shaba ilikusanya watu wa asili nyingi, wakiwemo Wasanga, Walunda na Waluba wa Kasai, lakini mwaka 1993 Wakasai wengi walifukuzwa mjini, na uchungu huo ungali katika familia nyingi. Simulizi ya maisha, yaani maelezo ya mtu mwenyewe kuhusu alikotoka na alivyoishi, huonyesha kwamba utambulisho hauishii kwenye kabila. Mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000 katika mji wa Lubumbashi, ulikusanya masimulizi kama hayo ya wakazi wa kawaida. Vivyo hivyo, kila mtaa ukutanishe watu wachache wa asili tofauti. Kila mmoja asimulie maisha yake, wengine wasikilize bila kumkatiza. Asiye tayari kusema asilazimishwe.